Mswaki Baina ya Sunna na Kipimo: Afya ya Kinywa Hupimwaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, makala hii imetokana na swali la mzazi mmoja wa hapa Ludewa. Mwanawe, mwanafunzi wa madrasa yetu, mwenye umri wa miaka kama kumi na moja, alivimba taya asiweze kula wala kulala. Alipelekwa Njombe, akang'olewa gego moja, na mzazi akaambiwa kuwa magego mengine mawili yameanza kutoboka. Waliporudi, baba alinijia baada ya Swala ya Alasiri, akanisalimu kwa adabu, kisha akasema: "Shekhe, mtoto huyu mswaki wa mti haumtoki mfukoni. Nawe ulitufundisha kuwa wataalamu wamethibitisha kwamba mwenye kupiga mswaki huo haugui meno. Sasa imekuwaje?"

Siku ile sikuwa na jibu. Ni kweli niliyasema hayo. Niliyasoma katika kijitabu, nikayasikia katika kaseti ya mawaidha, nikayapandisha mimbarini kama nilivyoyapokea. Sikuuliza ni nani aliyepima, alipima nini, wala alitumia kipimo gani. Lau ingekuwa ni hadithi ya Mtume (s.a.w.) ningeuliza sanad yake kabla ya kuitamka. Lakini kwa kuwa lilikuwa ni neno la "wataalamu", niliona linatosha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuhesabiwa muongo kwa kusimulia kila analolisikia, na wala hakuvua humo habari za tiba.

Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kueleza, kwa kadiri Allah alivyoniwezesha kusoma na kuuliza, namna watafiti wanavyopima usafi wa kinywa na afya ya meno, ili sisi wenye kusimama mbele za watu tujue neno gani tunaweza kulibeba na lipi tuliache.

HUKUMU YA MSWAKI HAIKUSUBIRI MAABARA

Kwanza tuweke msingi. Kupiga mswaki ni Sunna iliyothibiti. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alisema lau si kuchelea kuutia uzito umma wake angeliwaamrisha kupiga mswaki katika kila Swala. Na imepokewa kwake pia kwamba mswaki unakisafisha kinywa na unamridhisha Mola. Tazama mambo mawili yaliyokusanywa hapo: usafi wa kinywa, ambao macho yanaweza kuuona na mkono kuupima, na radhi za Mola, ambazo hakuna chombo cha mwanadamu kinachoweza kuzipima.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba mswaki ni Sunna wakati wote, na unatiliwa nguvu zaidi katika nyakati tano: wakati wa Swala, wakati wa kutawadha, wakati wa kusoma Qur'ani, wakati wa kuamka usingizini, na pale harufu ya kinywa inapobadilika. Akabainisha kuwa Sunna hiyo hupatikana kwa kila chenye kuondoa mabadiliko hayo, hata kitambaa kigumu. Kwa mujibu wa kauli hiyo, mwenye kutumia brashi ya dukani kwa nia ya Sunna hakutoka nje ya Sunna, ingawa mti wa araki ndio bora kwa maulamaa wetu.

Akaongeza mambo ambayo wengi wetu tunayaruka tunapofundisha. Kijiti kiwe cha wastani, kisiwe kikavu cha kujeruhi wala kibichi kisichosafisha. Meno yapigwe kwa upana, asije mtu akayatoa damu nyama za meno yake. Mswaki upitishwe kwa upole kwenye ncha za meno, juu ya magego na kwenye paa la kinywa. Na mtoto azoezwe mswaki ili aukulie. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Bi Aisha (r.a.) kwamba katika maradhi ya mwisho ya Mtume (s.a.w.) aliuchukua mswaki wa ndugu yake Abdurrahman, akautafuna mpaka ukalainika, ndipo akampa Mtume. Basi kulainisha ncha ya mswaki tuna mfano wake nyumbani kwa Mtume mwenyewe.

Hukumu hii imekamilika kwa dalili zake. Haikuhitaji utafiti wa Riyadh wala wa Dar es Salaam ili isimame, na wala haianguki utafiti mmoja ukija na matokeo tusiyoyapenda. Kosa langu lilikuwa ni kuifungamanisha Sunna na madai ambayo Sunna yenyewe haikuyatoa. Hadithi imesema mswaki unasafisha kinywa. Haikusema kuwa jino la mwenye mswaki halitatoboka kamwe, hata akishinda na pipi mdomoni.

NENO MOJA, VITU VIWILI

Mwenye kutaka kupima usafi wa kinywa, njia iliyo nyepesi kwake ni kuwauliza watu. "Unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?" Swali hili limo katika madodoso mengi, nalo lina taabu mbili.

Taabu ya kwanza ni ya lugha. Neno letu "mswaki" limetoka katika Kiarabu, miswak, na asili yake ni kijiti. Lakini leo Kiswahili kinaliita kwa jina hilo hilo kijiti cha mti na brashi ya plastiki. Dodoso lisilopambanua huwachanganya wenye kijiti na wenye brashi katika fungu moja. Maulamaa wa usul wanaliita neno la namna hii lafdhi mushtarak, nalo halitolewi hukumu mpaka ipatikane karina ya kuonyesha maana iliyokusudiwa.

Taabu ya pili ni ya nafsi. Baada ya tukio la mtoto yule niliwauliza wanafunzi wangu: nani amepiga mswaki leo? Mikono yote ikapanda, na ya baadhi yao ilipanda kabla sijamaliza kuuliza. Kisha nikawaomba wafunue midomo. Sihitaji kueleza nilichokiona. Watoto wale hawakukusudia uongo. Walijua tu jibu linalompendeza mwalimu. Na watu wazima nao ni hivyo hivyo mbele ya mtu mwenye kalamu na karatasi. Katika fiqhi, ushahidi wa mtu kwa manufaa ya nafsi yake mwenyewe haupokelewi, na hii ndiyo sababu watafiti wakatafuta kipimo cha kuangalia kinywa chenyewe.

VIPIMO VITATU VYA KINYWA

Hapa yapasa kutenganisha mambo matatu ambayo sisi huyaita kwa jina moja la "meno mazuri": usafi wa meno, uzima wa fizi, na kuoza kwa meno. Kila moja lina kipimo chake.

Kwa usafi, kipimo kilichoenea ni cha Wamarekani wawili, Greene na Vermillion, walichokitoa mwaka 1960 na kukifupisha mwaka 1964. Hutazamwa meno sita tu yaliyoteuliwa, manne ya magego na mawili ya mbele. Kila jino hupewa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa utando laini, na kuanzia 0 hadi 3 kwa ukoga uliogandamana ukawa mgumu kama jiwe. Alama 1 ni uchafu usiozidi thuluthi ya uso wa jino, alama 2 ni uliozidi thuluthi moja lakini haukupita mbili, na alama 3 ni uliopita thuluthi mbili.

Tuchukue mfano. Mtoto ana alama za utando 2, 1, 1, 2, 1 na 2. Jumla yake ni 9, gawanya kwa 6 upate 1.5. Alama zake za ukoga ni 1, 0, 0, 1, 1 na 0. Jumla ni 3, gawanya kwa 6 upate 0.5. Ukijumlisha unapata 2.0. Kuanzia 0 hadi 1.2 huhesabiwa usafi mzuri, 1.3 hadi 3.0 wa wastani, na 3.1 hadi 6.0 mbaya. Basi huyu ni wa wastani. Wako watafiti wanaotumia kipimo cha Silness na Löe cha mwaka 1964, ambacho hutazama unene wa utando pale jino linapokutana na ufizi. Na wapo wanaopaka rangi maalumu inayonasa kwenye utando, jicho likaona lililokuwa limejificha.

Kwa fizi, Löe na Silness walitoa kipimo chao mwaka 1963. Ufizi mzima hupewa 0, na ukitoka damu unapoguswa kwa upole na chombo cha daktari hupewa 2. Uhusiano wa utando na fizi ulidhihirishwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno yao kwa makusudi. Wote fizi zao ziliumuka ndani ya majuma matatu hivi, na waliporudia kusafisha zilipona. Hii ni miongoni mwa dalili zilizo wazi kabisa kwamba kuondoa utando kuna faida, kwa chombo chochote kitakachouondoa.

Kwa kuoza, kipimo ni cha Klein, Palmer na Knutson, cha mwaka 1938, kinachojulikana kwa herufi DMFT. Huhesabiwa meno yaliyooza, yaliyong'olewa kwa sababu ya kuoza, na yaliyozibwa, kisha yakajumlishwa. Shirika la Afya Duniani huwatazama hasa watoto wa miaka 12, ili nchi na nchi ziweze kulinganishwa.

Lakini fahamu, ndugu msomaji, kuwa nambari hii inaficha mengi. Mtoto wa mjini aliyezibwa meno manne anapata 4, na mtoto wa kijiji cha mbali mwenye meno manne yaliyooza, asiyelala kwa maumivu, naye anapata 4. Nambari ni moja lakini hali ni mbingu na ardhi. Na mtafiti asipouliza sababu ya pengo, atamwandika Mmasai aliyeng'olewa meno ya mbele ya chini kwa mila kana kwamba yalioza.

Upo na mfano ulio mzito zaidi. Wako ndugu zetu wa Arusha na sehemu za Kilimanjaro wenye meno ya rangi ya kahawia. Watu huwadhania kuwa hawapigi mswaki. Sababu yake ni madini ya floridi yaliyozidi katika maji ya kunywa, na kwa baadhi yao pia magadi ya kupikia, waliyoyapata utotoni jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kuwa ndio mpaka wa floridi katika maji. Madoa hayo yana vipimo vyake mbali, kama kile cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978. Anayeyahesabu kuwa uchafu amepima kisichokuwapo, na amemdhania ndugu yake dhana mbaya juu ya jambo ambalo hakulifanya.

MPIMAJI NA DHABTI YAKE

Kipimo kikiwa sahihi, bado anabaki mpimaji. Na hapa mwanafunzi wa hadithi atajiona yuko kwao.

Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245), ameeleza katika Muqaddima yake kuwa dhabti ya mpokezi hujulikana kwa kuzilinganisha riwaya zake na riwaya za wapokezi madhubuti. Zikiafikiana nazo mara nyingi, hujulikana kuwa ni mwenye dhabti. Zikikhitilafiana nazo sana, hujulikana upungufu wake. Watafiti wa meno hufanya jambo lenye kufanana na hili. Kabla ya kazi kuanza, wapimaji huwaangalia watoto wale wale, kila mmoja peke yake, pamoja na mpimaji mzoefu, kisha alama zao hulinganishwa. Na mpimaji mmoja hurudia kuwaangalia baadhi ya watoto siku nyingine ili ionekane kama anakubaliana na nafsi yake.

Wala haitoshi kusema "tumekubaliana kwa mia 82". Chukua wapimaji wawili, kila mmoja akisema "hana jino bovu" kwa watoto 90 kati ya 100. Hata wangesema hivyo wakiwa wamefumba macho, wangekubaliana kwa bahati tu katika watoto kama 82. Ndiyo maana hutumika hesabu inayoitwa kappa, iliyotolewa na Jacob Cohen mwaka 1960, inayoondoa kwanza makubaliano ya bahati. Ikiwa 1 ni makubaliano kamili, na ikiwa 0 hakuna zaidi ya bahati.

Sharti la mwisho ni kuwa mpimaji asijue ni nani katumia kijiti na nani katumia brashi. Mwenye kukipenda kijiti atakiona kisafi hata pasipokuwa na kusudio baya, na mwenye kuipenda brashi ni vivyo hivyo. Nasi tunaoupenda mswaki kwa ajili ya Sunna tungekuwa wa kwanza kuhitaji kufumbwa macho katika kazi hii.

NANI ALIYEPIMWA?

Mafaqihi wa Kishafi wanasema kuwa muda mchache kabisa wa hedhi na mwingi kabisa ulijulikana kwa istiqrai, yaani kufuatilia hali za wanawake, kazi inayonasibishwa na Imam Shafii (r.a.), aliyefariki mwaka 204 Hijria (820). Nao wanaikiri kuwa ni istiqrai pungufu, kwa kuwa haiwezekani kumuuliza kila mwanamke duniani. Utafiti wa meno ni istiqrai ya namna hiyo, na nguvu yake inategemea waliochaguliwa.

Chukua wilaya yetu. Ludewa ina vijiji vya milimani kwenye baridi, na ina vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kama Manda na Lupingu. Chakula si kimoja, maji si mamoja, na umbali wa kumfikia daktari wa meno si mmoja. Atakayewapima wanafunzi wa shule moja ya mjini kisha akasema "hivi ndivyo meno ya Ludewa" ameukata mwezi kwa kuutazama upande mmoja. Na atakayewapima waliokuja hospitali kwa maumivu atadhani wilaya nzima inaumwa meno.

Wastani nao unaweza kupotosha. Mwaka 1986 Baelum, Fejerskov na Karring walichapisha utafiti juu ya Watanzania watu wazima. Waliona utando na ukoga umeenea mno kwa waliopimwa, lakini ule uharibifu mkubwa unaolegeza meno ulikuwa umekusanyika kwa sehemu yao tu. Maana yake ni kwamba uchafu ni sababu, lakini si kila mwenye uchafu mwingi anafikwa na madhara sawa, na nambari moja ya wastani isingetuambia hilo.

MSWAKI WA MTI KATIKA MIZANI

Sasa tuje kwenye swali la baba yule. Kijiti kimepimwa mara nyingi, na Afrika Mashariki ina sehemu yake. Mwaka 1992 van Palenstein Helderman na wenzake walichapisha utafiti juu ya uwezo wa vijiti kusafisha meno ya watoto wa shule wa Tanzania. Huko Saudi Arabia, Al-Otaibi na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti wa wanaume 15, kila mmoja akitumia miswak kwa kipindi na brashi kwa kipindi kingine, na mpimaji hajui nani katumia nini. Miswak ilionekana kupunguza utando na uvimbe wa fizi zaidi ya brashi. Na mwaka 2001, Wu, Darout na Skaug wa Bergen, Norway, walizipitia tafiti nyingi wakaona kuwa kijiti kikitumiwa ipasavyo kinaweza kuondoa utando sawa na brashi, na pengine kuizidi.

Hizi ni habari njema, na tunaweza kuzisema. Lakini amana inataka tuseme na upande wa pili. Norton na Addy walichapisha mwaka 1989 utafiti mdogo wa Afrika Magharibi, wakawakuta wenye vijiti wana utando na fizi zenye kutoka damu zaidi ya wenye brashi. Na mwaka 1991 Eid na wenzake, huko huko Saudi Arabia, waliona fizi za wenye miswak zimerudi nyuma zaidi.

Je, tafiti hizi zinapingana? Sisi hatuharakii kusema hadithi mbili zinapingana kabla ya kujaribu kuzikusanya, na hapa inawezekana. Zipo tafiti zilizopima watu waliofundishwa namna ya kutumia kijiti, na zipo zilizowapima watu kama walivyo. Upo utafiti wa mwaka 1990, wa Gazi na wenzake, ambao miswak ilitumiwa mara tano kwa siku, na ikawa bora kuliko brashi ya kawaida. Hapo msomaji mwangalifu atauliza: uliofanya kazi ni mti, au ni zile mara tano? Kwetu sisi swali hilo halipunguzi kitu, kwani mara tano ndizo nyakati za Swala.

Na juu ya fizi kurudi nyuma, Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), alikwisha kuonya katika Zad al-Maad kwamba mswaki utumiwe kwa kiasi, kwani kuzidisha huweza kuyaharibu meno, na kwamba usichukuliwe katika mti usiojulikana, kwa kuwa huenda ukawa na sumu. Onyo hili linatuhusu sisi wa Ludewa. Araki ni mti wa nchi kame, na milima yetu si nchi yake. Watoto wetu huvunja kijiti chochote cha njiani. Kuyachukua matokeo ya araki ya Riyadh na kuyapachika kwenye kijiti cha mti tusioujua ni kiyasi chenye tofauti ndani yake, na kiyasi cha namna hiyo hakikubaliwi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni hili: tafiti hizi zilizotajwa zilipima utando na fizi. Hazikupima kutoboka kwa meno. Mimi nilichukua kipimo cha jambo moja nikakifanya ushahidi wa jambo jingine. Jino hutoboka kwa asidi inayotengenezwa na bakteria wa kwenye utando wanapoipata sukari, na kila mara sukari inapoingia kinywani kazi hiyo huanza upya. Mtoto yule alikuwa akisugua meno ya mbele, yale yanayoonekana, huku magego yake hayaguswi na pipi haiishi. Dawa ya meno yenye floridi imethibitika kupunguza kuoza, hata Shirika la Afya Duniani likaiingiza mwaka 2021 katika orodha yake ya dawa muhimu. Kijiti peke yake hakina dawa hiyo ya kupakwa.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu maimamu, mahatibu na walimu wa madrasa, kabla ya kusema "sayansi imethibitisha", tuulize maswali matano:

1. Kilipimwa kitu gani: utando, fizi au kuoza?
2. Walipimwa akina nani, wangapi, na wa wapi?
3. Mpimaji alilinganishwa na wenzake, na je, alijua nani katumia nini?
4. Kililinganishwa na nini, na kwa mara ngapi kwa siku?
5. Je, upo utafiti uliosema kinyume chake, nasi tumeuficha?

Tusiyejua majibu yake, tunyamaze, tubaki na Sunna kama ilivyopokewa. Ipo hadithi iliyoenea inayoifadhilisha Swala ya mswaki mara sabini juu ya Swala isiyo na mswaki, na Imam Nawawi, pamoja na mapenzi yake makubwa kwa Sunna hii, aliidhoofisha. Hakuona kuwa mswaki unahitaji kusaidiwa kwa nambari isiyo na sanad madhubuti. Allah (s.w.) katika Surat al-Mutaffifin amewaonya wanaopunja vipimo, na mwenye kuzidisha sifa ya kitu kwa kipimo asichokijua yuko karibu na onyo hilo.

Na kwa wazazi: mfundisheni mtoto mswaki kwa nia ya Sunna, ncha ikiwa imelainishwa, aufikishe kwenye magego, ndani na nje, na kwenye ulimi, kwa upole. Mkitumia kijiti kiwe cha mti unaojulikana kwa wazee kuwa hauna madhara. Pamoja nacho, apige brashi yenye dawa ya floridi asubuhi na kabla ya kulala, ateme wala asimeze. Pipi na soda zipunguzwe. Na jino linapoanza kuwa na shimo aonyeshwe daktari kabla halijauma, kwani jino lililowahiwa huzibwa, na lililocheleweshwa hung'olewa.

Nilimwendea baba yule nyumbani kwake, nikamwambia mbele ya mwanawe kuwa nilikosea, na kwamba kosa lilikuwa langu, halikuwa la Sunna wala la mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Basi Shekhe, aendelee na kijiti chake?" Nikamwambia aendelee nacho katika kila Swala, na usiku aongeze brashi. Mtoto alicheka, nami nikaliona pengo la gego lake.

Wallahu a'lam.